Sikukuu ya Novemba 23 Tokyo: siku nzima madukani na kula nje, mimi na Baba Nasra

BintiPangani
Novemba 25, 2023

Assalaam alaikum wanajamvi, na habari za wikiendi.

Juzi Alhamisi huku Japani ilikuwa sikukuu, Kinro Kansha no Hi, siku ya kushukuru kwa kazi. Huu ni mwaka wangu wa tatu Saitama na ndiyo mara ya kwanza mimi na mume wangu kupata sikukuu moja pamoja. Yeye yuko kiwanda cha vipuri vya magari, zamu zao hazijui kalenda. Mimi nafanya usiku kwenye kiwanda cha bento, vile vyakula vya boksi vinavyouzwa madukani, saa zangu 28 kwa wiki kama sheria inavyotaka kwa mwenye viza ya mtegemezi. Wiki nzima tunapishana mlangoni. Yeye anaingia, mimi natoka, tunaulizana kama gesi imezimwa, basi.

Alipoona jina lake halimo kwenye ratiba ya Alhamisi, alinipigia simu kutoka kiwandani kuniambia. Kutuma ujumbe hakukumtosha.

Nataka kuwasimulia siku yenyewe, na pia kuna jambo nimeliona. Ukija Japani kila mtu anakwambia: huku hakuna kupatana, bei iliyoandikwa ndiyo bei. Mimi nimekua Tanga, mama yangu kauza khanga Ngamiani miaka na miaka, na kulipa bei ya kwanza kwetu ni kama kumnyima muuzaji salamu. Miaka mitatu nimekuwa nalipa kimya kimya, moyo unauma. Alhamisi nimegundua kuwa kupatana kupo, mtu huhitaji kujua tu kumekaa wapi.

Tulitoka asubuhi saa mbili na nusu. Siku za sikukuu treni zinafuata ratiba ya wikiendi, kwa hiyo hakukuwa na ule msongamano wa kukanyagana. Tukashuka Ueno, tukaingia treni ya chini ya ardhi ya njia ya Ginza. Kipande cha Ueno hadi Asakusa ndicho cha kwanza kabisa Japani kwa treni za chini ya ardhi, kilifunguliwa 1927. Baba Nasra ni mtu wa mashine, akawa ananionyesha kuta za stesheni kama vile yeye ndiye aliyezijenga.

Tulikuwa tunakwenda Kappabashi. Ni barabara ya vyombo vya jikoni, kama mita 800, maduka kama 170, na ukifika utaijua kwa kichwa kikubwa cha mpishi mwenye masharubu juu ya jengo la kona. Hapo ndipo wenye migahawa wa Tokyo wananunua sufuria, sahani, majiko, mapazia ya mlangoni, hata vile vyakula vya plastiki vya kuweka kwenye kioo cha mgahawa. Lengo letu lilikuwa kisu cha mama mkwe. Mwakani mmoja wetu akijaaliwa kwenda nyumbani, kiwe tayari.

Nitoe tahadhari hapa hapa: maduka mengi ya Kappabashi hufunga Jumapili na sikukuu. Duka nililokuwa nimeliangalia kwenye simu mwezi mzima tulilikuta limeshusha shata. Nilisimama mbele yake kama mtu aliyefika msibani akakuta wameshazika. Lakini yaliyo wazi nayo hayakuwa machache, tukatembea upande mmoja, tukarudi na mwingine, tukaingia kwa mzee mmoja ambaye ukuta wake mzima ni visu.

Baba Nasra alitaka deba. Ni kisu kizito cha samaki, kinakata kichwa cha changu bila kubembeleza. Mama yake hupaa samaki kila siku ya Mungu, kwa hiyo wazo lilikuwa zuri. Mzee akauliza swali moja tu: mwenye kisu anatumia mkono gani? Tukatazamana. Mama ana shoto! Kumbe deba ina makali upande mmoja tu, imenolewa kwa mkono wa kulia, mwenye shoto akiitumia inamvutia pembeni. Ya shoto ipo, bei yake ni ya juu zaidi. Halafu akauliza anakaa wapi. Nikamwambia karibu na bahari, hewa ya chumvi. Akarudisha kwenye rafu visu vyote vya chuma cha kawaida, maana vinashika kutu haraka, akatuletea santoku ya chuma kisichoshika kutu, yenye makali pande zote mbili, mkono wowote inakubali. Jina lake maana yake ni fadhila tatu: nyama, samaki, mboga. Yeni 8,800.

Nikajaribu. Kwa Kijapani changu cha kiwandani nikamwomba apunguze kidogo. Baba Nasra akageuka kuangalia masufuria. Mzee akainamisha kichwa, akaomba radhi, bei haishuki. Kisha akachukua karatasi akauliza jina la mwenye kisu. Mwanaidi. Akalitamka mara tatu, mu-wa-na-i-di, akaliandika kwa herufi zao, akatuonyesha, akaenda nyuma, tukasikia kipatasi kinagonga. Alirudi na kisu kimechongwa jina, hakutoza hata yeni moja. Alipokuwa anafunga akaongeza na kitambaa cha pamba chenye picha za samaki. Akasema "omake". Nimeuliza baadaye: omake ndiyo nyongeza. Ile ile ya Ngamiani, ukinunua fungu la nyanya unaongezewa mbili juu. Basi nikaelewa kuwa yule mzee alikuwa amepatana na mimi tangu nilipofungua mdomo.

Akamuuliza Baba Nasra leo ni mapumziko? Kazi gani? Alipojibiwa akamwambia: "Otsukaresama desu." Wenzangu mlioko huku mnaijua, kazini tunaambiana kila zamu ikiisha. Mimi siku zote naitafsiri kichwani "pole na kazi", maana hakuna namna nyingine inayokaa vizuri. Nimejaribu kumweleza rafiki yangu Mfilipino akasema kwao hawana neno kama hilo. Sisi tunalo. Kuambiwa na mtu asiyetujua, siku ya kushukuru kwa kazi, dukani kwake ambako yeye mwenyewe yuko kazini... Baba Nasra alitoka pale hajasema kitu mpaka taa za barabarani za pili.

Nina mengine, rameni (tambi za mchuzi), na soko la usiku la kumade ambalo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Nakuja baada ya Magharibi.

mkulima_wa_Kyela
Novemba 25, 2023

Nimeketi. Dada, hapo kwa shoto na chumvi nimempenda huyo mzee. Muuzaji wa kweli anauliza kwanza.

Kipanga_Hamamatsu
Novemba 25, 2023

Shusha mzigo shemeji. Niko huku Hamamatsu mwaka wa sita. Angalizo moja kuhusu kisu: sheria ya huku inakataza kutembea na kisu chenye makali ya zaidi ya sentimita 6 bila sababu ya msingi. Kukinunua na kukipeleka nyumbani kikiwa kimefungwa dukani hakuna shida, lakini kisikae kwenye begi wiki nzima. Na ukisafiri kiweke kwenye mzigo wa chini, uwanja wa ndege hawana mjadala.

BintiPangani
Novemba 25, 2023

Ahsante shemeji Kipanga, kiko kabatini na risiti yake.

Naendelea.

Chakula cha mchana tulikula Asakusa, rameni halali. Kwa asiyejua, rameni ya kawaida si ya kuingia kichwa kichwa: mchuzi mara nyingi ni wa mifupa ya nguruwe, na hata wa kuku unaweza kuwa na mirin, ile pombe tamu ya kupikia. Tulipanga foleni kama dakika arobaini, sikukuu watu wote wako Asakusa. Mbele yetu familia ya Wamalesia, nyuma Waindonesia, na sisi katikati, wote tumekuja kutafuta bakuli moja. Kulikuwa na baridi ya kujipenyeza shingoni. Bakuli lilipofika nilikunywa mchuzi kwanza, kabla ya tambi, na mwili mzima ukafunguka. Kuku, kitunguu cha majani, yai lililoiva nusu. Mabakuli mawili yeni 2,300. Kodi ikiwa ndani, na hapa mjue: ukila palepale kodi ni asilimia 10, ukibeba chakula ukaondoka ni asilimia 8. Imekuwa hivyo tangu Oktoba 2019.

Tukaswali msikiti wa Asakusa, tukapumzisha miguu mpaka Alasiri. Novemba huku siku ni fupi sana, Magharibi inaingia saa kumi na nusu. Jua likianza kulala tukatembea kuelekea kaskazini na tukaanza kuona watu wamebeba reki.

Reki kabisa, za mianzi, zile za kukokotea majani. Zinaitwa kumade. Zimepambwa hadi mianzi haionekani: vinyago vya mwanamke mwenye mashavu, kasa, korongo, sarafu za dhahabu za bandia, magunia madogo ya mchele. Nyingine kubwa kama mlango, zimebebwa begani na wanaume wenye suti. Ni soko linaloitwa Tori no Ichi, soko la siku ya jogoo, hufanyika Novemba kwa hesabu ya kalenda yao ya wanyama, kila baada ya siku kumi na mbili. Mwaka huu zilikuwa siku mbili, tarehe 11 na 23. Linaanza usiku wa manane kwa ngoma na halifungwi mpaka usiku mwingine. Wafanyabiashara wananunua reki ili ikokote riziki ya mwaka ujao, na kila mwaka unanunua kubwa kidogo kuliko ya mwaka jana.

Sasa sikilizeni wanavyonunua.

Mama mmoja mwenye mgahawa (nilijua kwa sababu walimwita hivyo) alikuwa anapatana na muuzaji. Anataja bei, muuzaji anashika kichwa. Anashusha tena. Muuzaji anapiga hesabu, anashuka. Anashusha tena! Nilimshika Baba Nasra mkono kwa nguvu. Nilikuwa nimesimama Ngamiani. Wakafika mahali wakakubaliana, mama akatoa pesa, akalipa bei ya KWANZA. Ile aliyoambiwa mwanzo. Tofauti yote aliyopigania akamwachia muuzaji kama zawadi. Papo hapo vijana wote wa kibanda wakakusanyika, wakapaza sauti, wakapiga makofi: matatu, matatu, matatu, moja. Mara tatu hivyo. Na yule mama katikati yao anapiga nao huku anacheka.

Nilisimama pale zaidi ya nusu saa. Kila kibanda ni hivyo hivyo, na makofi yanapasuka huku na kule kama mvua ya kwanza juu ya mabati. Kadiri unavyoshusha ndivyo bahati inavyokuwa nzuri, na aliyeshusha sana ndiye anayeacha zawadi kubwa. Mama yangu hunifundisha kuwa ukimaliza kupatana na mtu usiondoke amenuna, maana kesho utarudi kwake. Hawa wamelitengenezea soko lake, na taa za karatasi juu.

Ibn_Hamisi
Novemba 25, 2023

Dada yangu, simulizi nzuri na Mwenyezi Mungu azidi kuwapa mapenzi. Ila kwa heshima, hilo soko ni la hekalu lao na reki ni hirizi. Muislamu kusimama nusu saa pale si vyema. Tukumbushane tu.

BintiPangani
Novemba 25, 2023

Wa alaikumu salaam kaka Ibn Hamisi, nimepokea na sijakasirika. Soko limezunguka hekalu la Otori na hekalu la Kibudha la jirani, hilo ni kweli. Sisi tulisimama barabarani kwenye vibanda, foleni ya kuingia kuomba hatukuikaribia, na reki hatukununua. Baba Nasra ndiye aliyesema tusinunue hata ile ndogo ya kuweka kwenye funguo. Nilichokwenda kutazama ni watu wanavyopatana bei.

mkulima_wa_Kyela
Novemba 25, 2023

Kaka Ibn, mimi Mkristo sina neno hapo, nyie mnajuana. Nina swali la magunia ya mchele kwenye hiyo reki. Kwa nini mchele?

Kipanga_Hamamatsu
Novemba 25, 2023

Mkulima, hapo umegusa chenyewe. Novemba 23 kabla ya vita ilikuwa siku ya ibada ya mavuno, Niiname-sai, mfalme wao anatoa mchele mpya kwa miungu na kuula. Anafanya mpaka leo, ndani ya kasri. Baada ya kushindwa vita mambo ya dini yakatengwa na serikali, ikaja sheria ya sikukuu ya 1948, tarehe ikabaki, jina likawa la kushukuru kwa kazi. Ndiyo maana ukiingia supamaketi mwezi huu mifuko ya mchele ina stika zimeandikwa shinmai, mchele mpya. Jaribuni, unashikana na una utamu, na maji unapunguza kidogo maana bado una unyevu wake.

mkulima_wa_Kyela
Novemba 25, 2023

Kumbe mfalme mzima anasubiri mavuno. Bei gani kilo?

BintiPangani
Novemba 25, 2023

Tulinunua usiku ule ule, kilo 5 yeni 2,180. Kilo moja kama yeni 436. Kwa kiwango cha wiki hii yeni moja ni shilingi 16 na ushei, kwa hiyo elfu saba na kitu kwa kilo. Sitasema mbele yako kuwa ni mtamu kuliko wa Kyela, kaka. Wa kwao ni wa kuliwa na kitoweo kidogo, wa kwetu ni wa nazi.

Na ulipotaja mazao: zamani pale Tori no Ichi walikuwa wanauza majimbi! Yale makubwa yenye vichwa vingi, yatsugashira. Kichwa kimoja kinazaa vingi, ndiyo wakaliona la heri. Nilipolisoma nilimpigia mama kumwambia. Siku hizi kinachoonekana zaidi ni kirisansho, vitafunio vya unga wa mchele, sukari na pilipili yao ya sansho. Nilionja kipande, kinasisimua ulimi kidogo.

Zuhura_Nagoya
Novemba 25, 2023

Nafuatilia tangu asubuhi. Hayo ya mirin ni ya kweli jamani. Mwaka wangu wa kwanza nilikula udon (tambi nene) ya mboga kwenye mgahawa mmoja karibu na chuo miezi minne, roho kwatu, mpaka mwenzangu wa darasa akanisomea kilichomo kwenye mchuzi. Nililia. Sasa nauliza kila mahali, na wakisema hawana uhakika naondoka. Jioni mlikula nini?

BintiPangani
Novemba 25, 2023

Pole sana mdogo wangu, hukukusudia.

Jioni tulirudi Ueno, tukaswali msikiti wa Okachimachi, tukaingia Ameyoko. Ni soko lililobanana chini ya reli, zaidi ya maduka 400 kati ya stesheni za Ueno na Okachimachi, lilianza baada ya vita kama soko la magendo. Hapo ndipo Tokyo inapopiga kelele. Samaki, kamba, viatu, mabegi, matunda yaliyochomekwa kijiti, na wauzaji wanaita kwa sauti za kukwaruza. Kebabu zimejaa, wauzaji wengi wanaandika halali, tulikula mbili kwa yeni 1,200, tumesimama. Baba Nasra alikuwa anakula na kunitazama, nikamuuliza nini, akasema hajaniona nikitafuna polepole tangu tufike nchi hii.

Kuna duka la chokoleti pale linajulikana. Muuzaji anasimama juu, ana mfuko mtupu, anatupia paketi moja, ya pili, ya tatu, anaendelea kutupia huku anapayuka, bei haibadiliki: yeni 1,000. Inakaa pale pale, mfuko ndio unaonenepa. Watu wanangoja, wanatingisha vichwa, anaongeza nyingine. Nikaona ni yule mzee wa kisu, sauti tu ndiyo imepanda. Tulinunua mmoja, nikakaa kwenye ngazi kusoma viambato paketi moja moja, mbili zenye pombe tukampa kijana aliyekuwa anapita.

Halafu mwisho kabisa, saa mbili usiku, supamaketi ya karibu na nyumbani kwetu. Hii mnaijua wote wa huku. Kijana anatoka na mashine ya stika, anabandika asilimia 20 kwenye samaki, kisha 30, kisha nusu bei, na wamama wamezunguka kwa mbali wanajifanya wanaangalia vitunguu. Hakuna anayesema neno. Akibandika mkono unakwenda. Mimi hiyo sasa naiita kupatana kwa macho, maana kijana naye anatuona, anajua tunangoja nini, na siku nyingine anabandika nusu bei mapema kwa bibi mmoja mzee anayekuja na mkongojo.

Fundi_Cherehani
Novemba 25, 2023

Dada hesabu ya siku nzima ilifika ngapi? Na mnarudishiwa kodi kama watalii?

BintiPangani
Novemba 25, 2023

Haturudishiwi. Msamaha wa kodi ni kwa mgeni wa muda mfupi mwenye pasipoti yake. Mkaazi kama mimi nalipa kama Mjapani.

Nauli zote kama 1,500, kisu 8,800, rameni 2,300, chokoleti 1,000, kebabu 1,200, mchele 2,180. Na kamba wa tempura (wa kukaanga na unga) wa plastiki wa kuning'iniza kwenye begi kutoka Kappabashi, yeni 900, wa Nasra. Jumla 17,880, kama laki tatu za kwetu. Ni pesa nyingi, najua. Tulikuwa tumeziweka tangu Agosti kwenye kopo la maziwa.

Zuhura_Nagoya
Novemba 25, 2023

Hao kamba wa plastiki! Nilisoma kuwa hivyo vyakula vya bandia mwanzo vilikuwa vya nta, na aliyevifanya biashara ni Iwasaki Takizo wa Gujo Hachiman, mji uko huku Gifu kwetu karibu. Alianzisha kampuni Osaka 1932. Unaweza kwenda ukatengeneza mwenyewe, unamimina nta kwenye maji ya uvuguvugu inajikunja kama unga wa tempura. Ukija na Shemeji nitawapeleka.

BintiPangani
Novemba 25, 2023

In shaa Allah mdogo wangu. Nasra nilimwonyesha kwenye simu usiku ule, kwao ilikuwa mchana, tumewatangulia saa sita. Ana miaka mitano, yuko kwa bibi yake Mwanaidi. Akaniambia nimwekee asiliwe na baba.

Mzee_wa_Mikindani
Novemba 26, 2023

Nimesoma wote. Mimi na mama watoto tuna miaka thelathini na moja. Wanangu, hiyo mliyofanya ya kuweka akiba kwa ajili ya siku moja, endeleeni nayo.

Kipanga_Hamamatsu
Novemba 26, 2023

Shemeji, nimesahau. Unga wa ugali mnapata? Huku kwetu maduka ya Wabrazili wanauza fuba, unga wa mahindi, unasongeka vizuri. Nitumie anwani pembeni nikutumie kilo mbili. Na kisu ukikitoa zawadi, mbandikie sarafu ya yeni 5. Wajapani wanasema kisu hukata uhusiano, na yeni 5 inatamkwa go-en, sawa na neno lao la kiungo kati ya watu.

BintiPangani
Novemba 26, 2023

Nimekutumia ujumbe. Mungu akulipe.

mkulima_wa_Kyela
Mei 21, 2025

Nafufua uzi. Nasikia kwenye redio mchele Japani umepanda. Dada bado upo?

BintiPangani
Mei 22, 2025

Nipo kaka. Umepanda vibaya. Ule wa yeni 2,180 niliowaandikia, sasa kilo 5 umepita yeni 4,200 kwa wastani wa madukani. Serikali imefungua maghala ya akiba. Watu wanapanga foleni ya mchele, wazee wenye vitoroli, na umekwisha kabla sijafika. Tunakula tambi zaidi.

Zuhura_Nagoya
Novemba 22, 2025

Dada BintiPangani, mwaka huu Novemba 23 ni Jumapili, kwa hiyo Jumatatu tarehe 24 ni mapumziko ya kufidia, na nimeangalia, hiyo 24 ndiyo siku ya pili ya Tori no Ichi. Nakuja Tokyo. Mtakuwepo?

BintiPangani
Novemba 22, 2025

Tutakuwepo watatu. Nasra amekuja Machi, yuko darasa la kwanza, na Kijapani chake kimeshapita changu. Kamba wake ananing'inia kwenye begi la shule. Tukutane saa tisa alasiri pale kwenye kichwa cha mpishi Kappabashi, nataka kupita kwa yule mzee kama atakuwa wazi. Baba Nasra alikwenda Tanga mwezi wa tano na kisu kikafika, na sarafu yake. Mama ananitumia picha: ameandaa changu, kisu kiko mkono wa kushoto, na kitambaa cha samaki amekifunga kichwani.